Ya Maji na ya Kidonge

Tulimzika Sista Yusta huko Idodi mwezi uliopita, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikakaa benchi moja na kaka Festo. Amenenepa, amepata kipara cha heshima, ila mikono yake ya ufundi magari bado ina ule weusi usiosikia sabuni. Tulipewa wali na maharage kwenye sahani za plastiki, tukala huku wazee wa Idodi nyuma yetu wakibishana: tembo akitoka hifadhini akala mahindi yako, je, umeibiwa au umetembelewa? Festo hakuwasikiliza. Aliweka kijiko chini akasema, "Atu, mimi mpaka leo mtu akikoroma karibu yangu, usingizi unakimbia." Nikamwambia wangu unakimbia akiacha kukoroma. Tukacheka kidogo, kisha tukaacha, kwa sababu wote wawili tulikuwa tumeshafika kwenye chumba kilekile. Wasifu wa marehemu uliosomwa pale ulisema alizaliwa, akasomea uuguzi, akahudumu kwa upendo, maneno ambayo ungeweza kumsomea muuguzi yeyote na asikatae. Hakuna aliyesema kwamba mwanamke huyu alikuwa anafundisha watu kuogopa kwa mpangilio. Mimi alinifundisha. Kabla yake nilikuwa naogopa ovyo ovyo, kama kuku aliyeona kivuli.

Ukoo wetu sitaueleza, maana ukianza kuelezwa chai inapoa na bado hujafika kwa babu. Ujue tu kwamba Shangazi alikuwa dada wa baba yangu, Mnyakyusa aliyeolewa na Mhehe akabaki mjane Ipogolo, na Festo ndiye mtoto wake pekee. Mimi mwaka ule nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, nauza blauzi za mtumba Ilomba, kule Mbeya, bila kizimba cha kuuzia, chini kwenye turubai lililofungwa kamba pembe zote, ili mgambo wa jiji wakitokea nivute kamba, turubai ligeuke fuko, nami nigeuke mpita njia. Kazi ile inakufundisha kuhesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza blauzi, mara ya pili mikono iliyozigusa. Festo alipopiga simu kusema Shangazi anaumwa, njoo umuuguze, nilifanya nilivyozoea, nikaanza kupunguza. Alisema njoo mpaka apone. Nikasema wiki mbili. Akapanda, nikashuka, tukakubaliana mwezi. Hakuniambia kwamba saratani ya titi ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa, na kwamba madaktari wamesema hawakati tena, hawachomi tena, wanatuliza tu. Nilikaa mwaka, mpaka tulipomzika. Katika mapatano yote niliyowahi kufanya, hayo ndiyo pekee ambayo nilitia mkono bila kuona mzigo.

Chumba cha Shangazi kilitazama barabara kuu, pale malori yanapoanza kulalamika kabla ya kilima. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha, na dirisha lilikuwa na kioo kimoja kilicholegea ambacho kilitetemeka kila lori likipita. Alikuwa anayajua malori kwa sauti. "Hilo limebeba mbao," atasema macho yamefumba. "Hilo tupu, dereva ana haraka ya kufika kwa mtu." Ukuta kati ya chumba na sebule ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo mazungumzo ya upande mmoja yalikuwa mali ya pande zote mbili. Nilipika jikoni nyuma, kwenye jiko la mkaa: kande kwa ajili yangu na Festo, na kwa ajili yake mbalaga, chakula cha ndizi cha kwetu, kwa ndizi ambazo madereva wa kutoka Tukuyu walituletea. Alikula vijiko vichache kwa adabu tu, kama mgeni. Maumivu yalipokuja hakulia. Alinyamaza katikati ya sentensi, akashika ukingo wa kitanda, akakazia macho kile kioo kinachotetemeka, na mimi nikawa naogopa kumgusa na naogopa kutomgusa. Sentensi ile aliimalizia baadaye sana, mahali palepale alipoiachia, kana kwamba alikuwa ametoka tu kufunga mlango.

Sista Yusta alikuja kila Jumatatu kwa pikipiki, kutoka hospitali ya misheni, sketi juu ya suruali na begi mgongoni. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya asiyependa sauti ya pili ichelewe. Chupa aliyonikabidhi ilikuwa na dawa ya maji, rangi ya kijani, jina lake mofini, na pamoja nayo panado, dawa ya kulainisha choo, na bomba la sindano lisilo na sindano, la kupimia. Kabla hajafungua kifuniko akaniuliza, "Wewe unafanya kazi gani?"

"Nauza mitumba, Sista."

"Una kizimba?"

"Sina."

"Basi utanielewa haraka."

Akakaa kwenye kigoda na kunieleza kwamba maumivu ni habari inayosafiri kwenye mishipa ya fahamu, kutoka mfupani mpaka kichwani. Njiani humo, kwenye uti wa mgongo na ndani ya ubongo, mwili umejijengea vizimba vidogo. Wataalamu huviita vipokezi. Mwili wenyewe huwa na kitu chake cha kukaa pale na kupunguza kelele, ndiyo maana mtu hujigonga mguu akaendelea kukimbia, lakini ugonjwa kama wa Shangazi unakizidi nguvu. Mofini inapokuja, kizimba kinaienea kama kilijengwa kwa kipimo chake. Inakaa, na ikishakaa, habari haipiti yote. Nikauliza, "Kwa hiyo mfupa unaacha kuuma?" Akasema, "Mfupa unauma vilevile. Ila shangazi yako haambiwi yote." Nikamwuliza panado ya nini sasa, kidonge cha homa mbele ya dawa kubwa namna hii? Akanitazama kama mtu aliyekuwa anasubiri swali hilo. Panado, akasema, haina kizimba kwenye safu ile, yenyewe inafanyia kazi kwingine. Ndiyo maana zinawekwa pamoja: gunia moja, wabebaji wawili, kila mmoja upande wake, na mofini kidogo inatosha. Ukiinyima panado heshima yake, mofini itabeba peke yake, na italazimika kuongezwa. Mpaka hapo nilifurahi, maana mpango huo ulikuwa na akili. Kisha akashusha sauti. "Sasa sikiliza ya kuogopa. Chini ya ubongo kuna mlinzi. Kazi yake ni kukukumbusha kupumua, hata ukilala. Na mlangoni kwake kuna vizimba hivyohivyo. Dozi ikipandishwa taratibu, mlinzi anazoea. Ikiruka ghafla, anasinzia. Akisinzia, mgonjwa hahangaiki, halii, hakuiti. Anasahau tu kupumua."

"Anasahau?"

"Anasahau. Tena kwa raha."

Neno hilo la raha ndilo lililonikosesha usingizi. Kifo chenye kelele nilikuwa nimekiona, Ilomba hakikosekani. Hiki cha kuingia kwa miguu mitupu sikukijua. Alinifundisha kabla ya kila dozi nitazame kifua kinavyopanda na kushuka, nihesabu kwa dakika nzima, na pumzi zikiwa chache kupita kawaida, au nikimwita asiamke, nisimpe, nimtafute yeye. Nikahesabu. Nilihesabu kabla ya dozi, baada ya dozi, na katikati pale ambapo hakuna aliyeniagiza. Shangazi hakupenda. "Unanitazama kama unanunua mbuzi," alisema siku moja.

"Naangalia kama unapumua, Shangazi."

"Nikiacha nitakwambia."

Na dawa ilifanya kazi. Ile wiki ya kwanza alikaa kitako, akafungua dirisha, akamwita kijana wa nyanya aliyekuwa anapita na baiskeli, akamshusha bei mpaka kijana akauliza kama mama huyu ni mgonjwa kweli. Nilisimama mlangoni nikiona fahari. Nilikuwa najua sasa nilikorithi ubishi wangu wa bei.

Tatizo lilianzia sebuleni. Kila Alhamisi kina mama wa usharika walikuja kumjulia hali, wakaimba, wakaomba, wakaacha sabuni, sukari, mayai yaliyofungwa kwenye kitambaa, wakanywa chai. Na chai ikishaingia, ukuta ule wa mbao hauna siri. "Ile ya kijani ndiyo wanayopewa waliokatiwa tamaa," alisema mmoja. Mwingine akasema, "Tena ukiizoea huachi. Wale vijana wa stendi wanaochomana sindano, si ndiyo hiyohiyo?" Wa tatu akavuta chai kwa sauti, akamalizia, "Mama wa watu, mlokole mzima, kuishia huko." Nilikuwa chumbani namgeuza Shangazi ubavu. Aliangalia dari kama anasoma. Toka siku ile Sista akimwuliza, "Mama, maumivu yakoje?" alijibu, "Nzuri tu, tunamshukuru Mungu." Hili ni jambo la watu wetu, nyumba inaungua na bado tunajibu salama. Nilijaribu kusema mimi, kwamba anashika ukingo wa kitanda mpaka vidole vinabadilika rangi. Akanikata, "Huyu mtoto ana woga, Sista, msamehe." Na dozi haiwezi kupandishwa kwa ushahidi wa mwoga wakati mwenye mwili anashukuru.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Kadege, mjane, mwenye moyo mweupe kama unga na hekima kiasi cha kibaba. Mumewe aliwahi kuanguka kutoka juu ya shehena ya mbao, akavunjika mgongo, akaugua muda mrefu, akafa, akaacha kopo la kahawa lenye dawa. Mtaani kwetu dawa ya marehemu haitupwi. Ukiitupa ni kama unamwambia aliumwa bure. Inawekwa, na akitokea mgonjwa mwingine inahamia kwake, kama koti. Kwa hiyo Alhamisi moja ya masika, wakati wenzake wanatoa mayai, Mama Kadege alimpa Shangazi mkono wa kwaheri, na ndani ya mkono mkawa na kifurushi. Mlikuwa na vidonge vya rangi mbili vya tramado, dawa ya kutuliza maumivu, na vingine vidogo vyeupe vya usingizi. "Marehemu akinywa hivi alikuwa analala kama mtoto," alimnong'oneza. Haya niliyajua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe na kwa machozi mengi. Shangazi alivifunga kwenye pindo la khanga. Na hesabu yake, kama alivyokuja kunieleza, ilikuwa hii: ya maji ni ya hospitali, ya kidonge ni ya nyumbani, moja inaonekana, nyingine haionekani, na ya maji na ya kidonge hazigombani, kwa sababu hazifanani. Usimcheke. Nusu ya nchi inameza hivyo. Tunaamini dawa ni kama watu, kwamba ukoo unajulikana kwa sura. Alikuwa anapokea ya kijani kutoka mkononi mwangu kwa upole, ananiacha nihesabu mbuzi wangu, na nikitoka anafungua pindo. Kidogo siku ya kwanza. Kwa kuwa ilisaidia, siku iliyofuata hakuona sababu ya kuwa mchoyo.

Alhamisi iliyofuata kina mama walimkuta amelala. Waliimba polepole, wakaomba kwa sauti ya chini. "Muacheni," walisema wakivaa viatu mlangoni, "Bwana amemjalia pumziko." Mchana ulikuwa mkali baada ya mvua, barabara inafuka mvuke, na mimi nikarudi jikoni kukatakata majani ya maboga. Nikamsikia akikoroma. Shangazi hakuwa mtu wa kukoroma. Ulikuwa mkoromo mzito, kama msumeno kwenye gogo bichi; ukavutwa, ukakatika. Nilisimama na kisu mkononi nikisubiri mwingine. Lori likapita, likaisha. Ndipo ukaja. Niliingia chumbani nikahesabu, sikuamini, nikahesabu tena kama kawaida yangu, na mara ya pili nikapata pungufu kuliko ya kwanza. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nikafunua jicho: mboni imekuwa ndogo kama mbegu ya mchicha. Nikamtikisa, nikamwita kwa jina lake la utotoni ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kulitumia, na akafumbua macho kidogo, akatabasamu. Mwaka mzima ule sikuona kitu cha kutisha kama tabasamu lile. Lilikuwa la mtu asiyedaiwa chochote na yeyote, hata pumzi.

Gereji ya Festo ilikuwa ng'ambo ya barabara. Sijui nilivuka vipi. Nakumbuka honi tu. Alikuja na pikapu ya mteja isiyo na boneti, tukatupa godoro nyuma na Shangazi juu yake, na Mama Kadege akatoka kwake mikono kichwani: "Jamani nilimpa vidogo tu! Vya marehemu!" Festo alimpigia kelele neno ambalo sitaliandika. Mimi nikamwambia alete kopo. Alinitazama bila kuelewa. "Kopo, Mama Kadege, lote!" Nikalikumbatia, nikapanda nyuma, tukaanza kilima cha kwenda hospitalini.

"Shangazi, vuta pumzi!" Alivuta. Nikasubiri. Hakuvuta nyingine. "Vuta!" Akavuta. Ndipo nilipoelewa Sista alimaanisha nini: uwezo anao, ila mlinzi amelala, na sasa mlinzi ni mimi. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka, naye akaanza kuzizoea amri. Alikuwa anachelewa kutii. Sikuwa na elimu nyingine isipokuwa ya sokoni. Nikainama sikioni kwake nikasema, "Shangazi, jogoo wako nimembadilisha na sufuria ya Mama Kadege."

Kimya. Kisha kifua kikapanda. "Sufuria… ipi?"

"Ile iliyotoboka."

Kifua kikapanda tena, kwa hasira. "Mjinga… wewe."

Nikaona njia. Nikatoa kabati lake kwa jembe lisilo na mpini. Nikatoa kitenge chake cha harusi kwa ndoo ya viazi, tena viazi vidogo. Kila tusi lilihitaji pumzi, nami nilikuwa nanunua pumzi kwa hasara, gari likinguruma kwenye kona, Festo akipiga honi kwa watu ambao hawakuwa njiani. Tulipofika hospitalini nyumba nzima ilikuwa imeshaondoka, zimebaki kuta, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kutotosha hata kwa tusi.

Sista Yusta hakuuliza nani kafanya nini. Alimwaga kopo kwenye meza, akasoma maandishi kwenye karatasi za vidonge, akataja kwa sauti ya chini jina moja na jingine, akamwita daktari, wakamfunika pua na mdomo kwa kifuniko cha hewa. Halafu akachukua sindano, akaanza kumpa dawa kidogo, anangoja, kidogo tena, anangoja, macho kwenye kifua. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta. "Hiyo ni nini, Sista?"

"Naloksoni. Mgambo."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Akaendelea bila kugeuka: dawa hii inakwenda kwenye vizimba vilevile, inawasukuma nje mofini na yule tramado, ambaye naye, japo ana njia zake nyingine, alikuja kubana kwenye safu hiyohiyo, inakaa mahali pao, na haiuzi kitu. Kizimba kimeshikwa na hakuna biashara. Mlinzi anaamka. Nilikuwa naanza kumshukuru Mungu wakati Shangazi alipopiga ukelele. Sikuwahi kumsikia akilia kwa maumivu mpaka siku ile. Habari yote iliyokuwa imezuiwa njiani ilipita kwa mkupuo mmoja. "Mnamuua!" Festo alisema, na Sista akajibu, "Anapumua," bila kupandisha sauti, na ilikuwa kweli, alikuwa anapumua kama mtu anayekimbia. Nilisimama kati ya mambo mawili, kimya cha njiani na kilio cha pale, na nikaona kwamba mwanamke huyu mfupi maisha yake yote alikuwa akitembea kwenye kamba iliyofungwa kati yao. Ndiyo sababu alimpa kidogo kidogo. Alitafuta pumzi irudi, na maumivu yasirudi yote.

Shangazi alipotulia na kuanza kuuliza viatu vyake viko wapi, Festo akafuta jasho. "Basi ameamka. Tumrudishe nyumbani, mteja anataka gari lake."

Sista akanigeukia mimi, si yeye. "Atu, mgambo wanakaa sokoni mpaka saa ngapi?"

"Mpaka gari lao liondoke."

"Halafu?"

"Halafu tunarudi."

"Kwani mzigo mnakuwa mmeupeleka wapi?"

"Hatuupeleki mbali. Tunakuwa kichochoroni."

"Basi," akasema, "mofini iko kichochoroni. Naloksoni inakwisha mapema, yenyewe bado iko kwenye damu. Na vile vidonge vya usingizi havimsikii mgambo huyu kabisa, vina mlango wao mwingine kwa mlinzi yuleyule."

Hapo hakuna aliyehitaji kunieleza zaidi. Nilikuwa mimi mwenyewe kichochoroni mara ngapi, fuko begani, nachungulia kona. Tulikaa. Na kweli, jua lilipoanza kuinama, alianza tena kuchelewa: swali lake likakatika, kidevu kikashuka, ule msumeno ukaanza. Sista alikuwa ameshashika sindano. Ilikuwa hivyo mpaka dawa zote zilipochoka. Maisha yangu yote nimewakimbia mgambo. Mchana ule niliomba, kwa midomo yangu, mgambo wasiondoke.

Hospitalini walimweka siku kadhaa, wakaanza upya, chini, kisha wakapanda taratibu. Kabla ya kuturuhusu, Sista alikaa kitandani kwake, akamwambia, "Mama, hapa hatupimi uvumilivu. Ungesema unaumia, ningeongeza mwenyewe na usingekosa pumzi." Shangazi akaangalia ukuta, akasema kwa Kiswahili chake cha Kinyakyusa, "Walisema nakuwa teja." Sista hakucheka. Alimwambia teja huitafuta dawa ili aikimbie siku, yeye anaitafuta ili aweze kukaa ndani yake. "Kina mama wakirudi Alhamisi, nitakuja mimi niwaeleze," akasema, na alikuja, na ile Alhamisi chai ilinywewa bila sauti.

Lakini kabla ya hiyo Alhamisi kulikuwa na siku ya kwanza nyumbani. Festo aliishika chupa ya kijani kama mtu aliyeokota nyoka kwa mkia. "Hii haiingii humu. Nimemwona mama yangu akisahau kupumua. Heri aumie akiwa hai."

"Kaka Festo, haikuwa hii peke yake. Ilikuwa hii na zile."

"Wewe umekuwa daktari lini?"

Ubaya ni kwamba nusu yangu ilikuwa upande wake. Nilikuwa nimeyaelewa maneno yote ya Sista, ningeweza kuyauza. Ila kuelewa ni kitu kimoja, kuivuta dawa ni kingine. Chumbani, Shangazi alikuwa ameanza kunyamaza katikati ya sentensi. Vidole vilikuwa kwenye ukingo wa kitanda.

"Atu," aliita.

"Naam, Shangazi."

"Nipe."

"Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Nipe hivyohivyo."

Festo akaweka chupa mezani kwa kishindo. "Ukimpa, mimi simo." Akatoka, na kioo cha dirisha kikatetemeka bila lori.

Nilihesabu pumzi. Zilikuwa nzuri, za mtu mwenye maumivu, za haraka. Nilivuta dawa mpaka kwenye mstari, nikaangalia, nikairudisha chupani, nikavuta tena. Nilikagua mapindo yote ya khanga zake, naye akaniacha, akinyoosha mikono kama abiria anayepekuliwa. Nikampa panado, nikampa ile ya kijani, kidogo kidogo, pembeni ya ulimi. Akameza akinitazama. Nikaweka kiganja juu ya tumbo lake, na pale kikabaki. Mchana ulikuwa mweupe, nzi mmoja anatembea ukutani. Taratibu vidole vikaachia kitanda. Uso ukalegea, na kulegea huko, kitu nilichokuwa nimekiombea, ndiko kulikonitisha kuliko vidole. Alipolala niliona dunia imesimama kwenye kiganja changu: kinapanda, kinashuka. Kinapanda. Kila kilipokuwa chini nilijifunza upya kwamba sijui kama kitapanda.

Nje gari lilikuwa linanguruma. Nilidhani ni lori limekwama, lakini halikuondoka wala halikuzimwa, na moshi wake ulikuwa unaingia ndani. Nikanyoosha shingo dirishani bila kutoa mkono. Ilikuwa ile pikapu, bado haina boneti. Festo alikuwa nyuma ya usukani, ameigeuza kichwa kuelekea kilimani, godoro limeshatandikwa nyuma, mlango wa upande wetu uko wazi.

"Vipi?" akauliza kwa midomo tu.

"Anapumua."

"Vizuri?"

"Nimehesabu mara mbili."

Akaitika kwa kichwa, na hakuzima. Tulikaa hivyo, yeye na mguu wake juu ya pedali ya mafuta, mimi na kiganja changu, sijui kwa muda gani, mpaka chini ya mkono wangu nilipohisi pumzi moja kubwa kuliko nyingine, na Shangazi, macho yamefumba, uso umekunjamana kwa kero, akasema:

"Nani huyo anachoma mafuta na hasafiri?"

"Ni Festo, Shangazi."

"Mwambie azime. Lenyewe gari la watu."

Sikuhitaji kumwambia. Alisikia mwenyewe, akaweka paji la uso kwenye usukani, akazima.